Watakatifu: kwa nini Wakristo wengine wanawaheshimu na wengine hawataki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi yale yale kila msiba, kila ubatizo, kila mtu anapooa au kuolewa dhehebu lingine. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni wa KKKT, yaani Mlutheri, wote kwetu Kilimanjaro, kwa hiyo nimeulizwa na pande zote mbili. Mengine nilienda kumuuliza paroko, mengine nikamuuliza mchungaji wa upande wa mume, na wote walinijibu kwa upole. Nimeweka namba ili nisirudie rudie. Mimi naamini maombezi ya watakatifu na sifichi, ila kila upande nimejitahidi kuueleza kama wenyewe wanavyojieleza.

## Ya mwanzo kabisa

1. Mtakatifu ni nani hasa?

Hapa ndo mabishano mengi yanapoanzia, maana neno ni moja na matumizi ni mawili. Paulo akiandika barua anawaita waumini wote watakatifu, soma Warumi 1:7 au Wafilipi 1:1, na hao ni watu wazima wazima walio hai, wanaogombana mpaka Paulo anawakemea. Walokole na Walutheri wanasimama hapo: kila aliyeoshwa kwa damu ya Yesu ni mtakatifu.

Wakatoliki na Waorthodoksi hawakatai hilo, ila wanalo na la pili, yaani mtu aliyemaliza mwendo na Kanisa limejiridhisha kwamba yuko na Mungu, likamtaja kwa jina. Kanisa halimfanyi awe mtakatifu, linamtambua tu. Na walioko mbinguni ni wengi kuliko wenye majina, ndo maana kuna Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Bibi yako aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kusali anaweza kuwemo humo na hakuna kalenda itakayomtaja.

2. Je, Wakatoliki wanaabudu watakatifu?

Hapana. Na Mkatoliki akimuabudu mtakatifu ametenda dhambi dhidi ya amri ya kwanza, hilo katekista yeyote atakuambia. Wagiriki wa zamani walitenganisha kwa maneno mawili, latreia ni ibada ya Mungu peke yake, douleia ni heshima ya watakatifu. Maria anawekwa juu ya watakatifu wote lakini bado yuko upande wa heshima, hajavuka.

Ukitaka kipimo, angalia Misa. Misa ni sadaka, na sadaka haitolewi kwa Yosefu wala kwa Maria, inatolewa kwa Mungu Baba na watakatifu wanatajwa tu ndani yake. Lakini mtu wa nje akiingia akakuta mishumaa, maua na mama amepiga magoti mbele ya sanamu, namuelewa kabisa akishtuka, kwa macho tu heshima na ibada zinafanana sana. Usukumani na Uhayani mwanamke anapiga goti kusalimia wakubwa na hakuna anayesema ameabudu, ila lazima uwe umekaa pale ndo uelewe.

3. "Mtakatifu fulani, utuombee" maana yake nini?

Kiswahili chetu hapa kinachanganya kidogo kwa sababu kuomba ni neno moja, naomba chumvi kwa jirani na namwomba Mungu. Mtu akisikia "tunamwomba Mtakatifu Rita" anasikia ibada. Sasa isikilize litania yenyewe inavyokwenda: kwa Mungu tunaitikia "utuhurumie", kwa mtakatifu tunaitikia "utuombee". Hiyo -e- iliyoingia kwenye kuombea ndo imebeba mzigo wote, hatusemi utupe, hatusemi utuokoe, tunamwambia atuombee, kama unavyomwambia dada yako "niombee kesho nina interviu".

Salamu Maria nayo hivyo hivyo. Nusu ya kwanza ni maneno ya malaika na ya Elizabeti kwenye Luka 1, nusu ya pili ni ombi moja tu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu.

4. Somo wa jumuiya ni nini, na kwa nini kila jumuiya ina mtakatifu wake?

Somo ni yule mtakatifu ambaye jina lake mmelichukua, wewe mwenyewe kwa ubatizo, au jumuiya, au parokia. Wengine wanasema msimamizi. Wazo ni kwamba mna mtu wa kumuiga na wa kuwaombea kwa karibu.

Jumuiya yetu ni ya Mt. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, yaani waliouawa kwa ajili ya imani (swali la 15). Kila tarehe 3 Juni tunakutana kwa mmoja wetu, turubai linafungwa, wakina mama wanapika, na baba mwenyekiti anasoma historia ya Lwanga kutoka kwenye kaunta buku aliloandika kwa mkono miaka mingi iliyopita, karatasi zimekuwa laini kama kitambaa. Akifika kwa Kizito, kijana wa miaka kama 14 aliyebatizwa na Lwanga siku chache kabla hawajauawa, lazima anyamaze kwanza ndo aendelee. Kwa kweli watoto wetu wamejifunza pale kuliko kwenye mafundisho yoyote, na hata Walutheri wengi nikiwaeleza hiyo sherehe hawaoni shida mpaka tufike kwenye "utuombee".

## Biblia inasemaje

5. Biblia inasema mpatanishi ni mmoja. Sasa watakatifu wanaingiaje?

Ni 1 Timotheo 2:5, mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Huo mstari ni mzito na hakuna Mkristo wa kuukwepa. Wanaopinga wanasema Yesu ametosha, pazia limepasuka, unaenda kwa Baba moja kwa moja, huyu mtu wa katikati wa nini?

Wakatoliki wanajibu kwa kurudi nyuma mistari minne tu. Aya ya 1 ya sura hiyo hiyo Paulo anataka dua, sala na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Kama kumwombea mwenzako ni kuchukua nafasi ya Kristo basi Paulo angekuwa amejipinga ndani ya aya tano. Kristo ni mpatanishi kwa sababu alikufa msalabani, hilo hakuna mtakatifu aliyelifanya, wao wanaomba kupitia yeye kama sisi, na sala zetu za Misa zinaishia na "kwa njia ya Kristo Bwana wetu".

Hapo sasa mchungaji wetu aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Mimi nikikuombea uko hai, nipo hai, na Yakobo 5:16 imetuamuru tuombeane. Nionyeshe mahali Biblia inaniamuru nimwambie aliyekufa aniombee." Hilo ni swali la haki, na mimi naona ugomvi wote kiini chake kiko hapo, siyo kwenye sanamu wala mishumaa. Nenda swali la 6.

6. Waliokufa wamekufa. Kuongea nao si ndo Biblia imekataza?

Kumbukumbu la Torati 18:10-11 inakataza kabisa kuwauliza wafu, na Sauli alipoenda kwa yule mwanamke wa Endori kumtafuta Samweli (1 Samweli 28) mambo yake yakaishia vibaya. Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote.

Wasabato ndo wenye msimamo ulionyooka zaidi hapa. Kwao aliyekufa amelala mpaka ufufuo, hajui kinachoendelea, kwa hiyo Maria amelala, Petro amelala, kumwambia "utuombee" ni kubisha hodi kwa mtu asiyesikia, na mbaya zaidi roho nyingine inaweza kuitikia badala yake. Ukikubali kwamba wafu wamelala, mjadala umeisha. Usibishane na Msabato kuhusu rozari, bishaneni kuhusu kifo, ndo penyewe.

Walutheri na wengi wa Walokole wao wanaamini aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo sasa hivi, ila wanasema Mungu hajatupa njia ya kuongea naye na hatujaambiwa anatusikia, kwa hiyo tusijitungie.

Wakatoliki na Waorthodoksi wanasoma hivi. Yesu alisema Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai, akiwataja Abrahamu, Isaka na Yakobo ambao makaburi yao yalikuwa yanajulikana (Mathayo 22:32). Mlimani Musa na Eliya walikuja wakaongea na Yesu, na Musa alikuwa amekufa zamani sana. Waebrania 12:1 inasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Ufunuo 5:8, wazee ishirini na wanne wameshika vitasi vya dhahabu vilivyojaa manukato, na manukato hayo ni maombi ya watakatifu. Kuna na 2 Wamakabayo 15, Yuda Mmakabayo anamuona nabii Yeremia, marehemu wa siku nyingi, akiliombea taifa, ila kitabu hicho kwenye Biblia za Kiprotestanti hakimo kwa hiyo ukimtajia Mlutheri hakimfungi.

Kilichokatazwa kwenye Kumbukumbu, wanasema, ni kumpandisha mfu ili akupe habari za siri au nguvu. Litania haimpandishi mtu na haitegemei jibu la sauti. Ni ombi, limekwisha.

Mimi nimekaa na hili miaka. Ninachoona ni kwamba hakuna mstari mmoja unaosema "waombeni walioko mbinguni wawaombee" na hakuna unaosema "walioko mbinguni hawawasikii". Anayeheshimu watakatifu anaamini kifo hakijamtoa ndugu yake kwenye familia ya kuombeana. Anayekataa anaogopa kuongeza juu ya neno la Mungu. Hiyo hofu yake nayo ni heshima, tusimdharau.

7. Maria atasikiaje watu mamilioni wakisali kwa wakati mmoja? Yeye si Mungu.

Kweli si Mungu, na hasikii kwa uwezo wake. Mafundisho ya Kikatoliki ni kwamba walioko mbinguni wanamuona Mungu na ndani yake wanajua kile Mungu anachotaka wajue. Mungu asipotaka hakuna kinachofika.

8. Na sanamu je? Kutoka 20 imekataza.

Kutoka 20:4-5 imekataza kuchonga na kusujudia. Lakini sura tano mbele, Kutoka 25:18, Mungu huyo huyo anamwagiza Musa achonge makerubi wawili wa dhahabu, na kwenye Hesabu 21 anamwambia atengeneze nyoka wa shaba. Kwa hiyo kuchonga chenyewe siyo dhambi, shida ni kuabudu.

Ila soma pia 2 Wafalme 18:4. Yule nyoka wa shaba aliyeagizwa na Mungu, watu baadaye walianza kumfukizia uvumba na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Wanaopinga sanamu wanaishika hadithi hii na wana haki ya kuishika, kwa sababu inaonyesha kitu kizuri kinaweza kuharibika mikononi mwa watu. Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787 ulisema heshima inayopewa picha inapita kwenda kwa yule aliyechorwa, mbao na rangi hazibaki na kitu. Hayo ndo mafundisho. Kama mama fulani kigangoni anaamini sanamu yenyewe inamlinda na wezi, huyo anahitaji kufundishwa, na kumfundisha ni kazi yetu wenyewe Wakatoliki, tusingoje mhubiri wa mkutano wa hadhara aje aifanye.

9. Mifupa ya watakatifu inawekwa kanisani ya nini?

Inaitwa masalia. Msingi wake ni 2 Wafalme 13:21, maiti iliyogusa mifupa ya Elisha ikafufuka, na Matendo 19:11-12, leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zikaponya wagonjwa. Aliyeponya ni Mungu kote. Kuuza masalia ni marufuku kwa sheria ya Kanisa.

Walutheri hawayataki kabisa na sababu utaiona kwenye swali la 11. Walokole wengi nao wanayakataa, ingawa makanisa yao mengine yanatumia mafuta ya upako na leso kwa Matendo 19 hiyo hiyo, kwa hiyo hapo tuna kitu cha kuongea pamoja bila kurushiana mawe.

## Ilianzaje

10. Mambo haya si yaliletwa na Wazungu wa Roma karne za kati?

Ni ya zamani zaidi, na Afrika imo tangu mwanzo. Polikarpo askofu wa Smirna alichomwa moto karne ya 2, na Wakristo wake wakaandika kwamba walikusanya mifupa yake wakaiona ya thamani kuliko vito, na kwamba watakutana pale kila mwaka siku ya kifo chake. Humo humo wakasema wanamuabudu Kristo, na mashahidi wanawapenda kama wanafunzi wa Bwana. Yaani mstari wa swali la 2 ulishachorwa wakati ule.

Perpetua na Felista waliuawa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203, mmoja ana mtoto mchanga wa kunyonya na mwenzake ametoka kujifungua gerezani. Majina yao bado yanatajwa kwenye Misa.

Kilichokuja baadaye ni utaratibu wa Papa kutangaza. Mwanzoni watu wa mahali pale na askofu wao walikuwa wanamtambua mtakatifu wenyewe. Wa kwanza kutangazwa rasmi na Papa ni Ulriki wa Augsburg, mwaka 993.

11. Luther alikataa nini hasa?

Siyo vile wengi wanavyodhani. Luther mwenyewe kijana, radi ilipopiga karibu naye njiani Julai 1505, alilia "Mtakatifu Anna, nisaidie, nitakuwa mtawa", na akawa mtawa kweli. Baba yake alikuwa mtu wa migodi na Anna ndo msimamizi wa wachimba migodi. Miaka 12 baadaye alitoa hoja zake 95 mkesha wa Watakatifu Wote kule Wittenberg, ambako mtawala wake alikuwa na maelfu ya masalia, na watu walilipa wayaone wakiahidiwa kupunguziwa adhabu za toharani, yaani za kutakaswa baada ya kifo. Hilo ndo lilimchoma, rehema ya Mungu kufanywa bidhaa.

Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri ambalo KKKT nao wanalishika, kifungu cha 21 kinasema watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarike na tuige matendo yao mema. Kinachokataliwa ni kuwaita na kuwatafutia msaada, kwa kuwa Maandiko hayakufundisha. Na kwenye utetezi wa ungamo hilo Melanchthon, mwenzake Luther, alikubali kabisa kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla. Niliposoma hapo nilimwamsha mume wangu usiku. Tofauti yetu imebaki nyembamba kuliko tulivyokuwa tunagombania: wao wanasema wanatuombea ila tusiwaite, sisi tunasema wanatuombea na tunaweza kuwaambia.

Upande wa Katoliki, Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulisema kuwaita watakatifu ni jambo jema na la kufaa, na uliagiza ulaji wa pesa ukomeshwe.

## Madhehebu mengine

12. Mbona Waanglikana wengine wanasali Salamu Maria na wengine wanaikataa?

Inategemea nani alileta injili kwenu. Zanzibar, Tanga na Masasi walifika wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana la mrengo wa juu, yaani ulio karibu na Ukatoliki, uvumba, maungamo, Maria, vyote vipo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefariki 1924, alipigana sana kulinda hayo. Dodoma na Morogoro walifika CMS, shirika lingine la Kianglikana la mrengo wa kiinjili, na wao wanasimama kwenye kifungu cha 22 cha vile vifungu 39 vya imani ya Kianglikana kinachosema kuwaita watakatifu ni jambo lililobuniwa bure. Kanisa moja, askofu mkuu mmoja, na Mwanglikana wa Masasi akihamia Dodoma anajiuliza kama kaingia kanisa lake kweli.

13. Waorthodoksi?

Wanaheshimu watakatifu sana, kwa ikoni zaidi kuliko sanamu za kuchonga. Wapo Kenya, Uganda na Bukoba pia. Hawana ule mchakato mrefu wa Roma.

## Nani anatangazwa, na wa kwetu ni nani

14. Mtu anatangazwaje kuwa mtakatifu?

Kwa kawaida wanasubiri miaka mitano baada ya kifo. Askofu wa jimbo anafungua kesi, marehemu anaitwa Mtumishi wa Mungu, mashahidi wanahojiwa na maandishi yake yote yanasomwa. Roma ikikubali kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa inahitajika sasa ishara kutoka kwa Mungu, muujiza mmoja, ndo anakuwa Mwenyeheri, na mwingine baada ya hapo ndo Mtakatifu. Aliyeuawa kwa ajili ya imani hahitaji ule muujiza wa kwanza.

15. Afrika yetu hii ina watakatifu gani?

Mashahidi wa Uganda kwanza, 22, waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu Oktoba 1964. Kuna kitu watu wanasahau: waliochomwa siku ile hawakuwa Wakatoliki peke yao, Waanglikana walikuwemo kwenye moto ule ule, na Papa Paulo aliwataja siku ile ya kutangaza. Papa Fransisko alipokwenda Namugongo 2015 alipita mahali pa Waanglikana pia. Wengine wanatembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya na Tanzania kufika kule.

Yosefina Bakhita wa Sudan, aliyeuzwa utumwani mtoto, akafa mtawa Italia 1947, alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Anuarite Nengapeta wa Kongo, sista wa shirika la Jamaa Takatifu, jina la Kiswahili hilo, aliuawa Isiro 1 Desemba 1964 kwa kumkataa mwanajeshi aliyemtaka kwa nguvu, na ni Mwenyeheri tangu 1985. Sista Irene Stefani, ambaye Wakikuyu walimuita Nyaatha, aliuguza wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia mpaka Kilwa na Lindi, akatangazwa Mwenyeheri Nyeri mwaka 2015.

Na anayenigusa mimi zaidi ni Floribert Bwana Chui wa Goma. Siyo padre, siyo mtawa. Kijana wa ofisini mpakani, kazi yake kukagua bidhaa, walimletea rushwa apitishe chakula kilichooza akakataa, wakamteka na kumuua mwaka 2007. Alitangazwa Mwenyeheri Juni 2025. Sasa fikiria ni wangapi kwenye nchi zetu wanakaa kwenye meza kama ile na bahasha kama ile iko mbele yao.

16. Nyerere ni mtakatifu?

Bado. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato 2005, kwa hiyo anaitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza tu kwenye swali la 14. Unaweza kumwomba akuombee ukiwa peke yako, lakini hakuna Misa ya sikukuu yake wala kanisa kuitwa kwa jina lake kama somo. Na kinachopimwa ni imani yake na maisha yake, siasa zake hazitangazwi.

## Magumu kidogo

17. Hii si mizimu ile ile imevalishwa rozari?

Swali hili linaumiza lakini ni la kweli, na lilishaulizwa zamani. Augustino, mwalimu wa Kanisa wa zamani, anasimulia mama yake Monika, Mwafrika, alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Walipohamia Milano mlinzi wa lango akamzuia, askofu Ambrosio amekataza, kwa sababu inafanana na karamu za wapagani kwa wafu wao na walevi wanapata kisingizio. Monika akatii. Akaanza kupeleka sala tu, na chakula akawapa maskini. Nikiisoma namuona bibi yangu kabisa na kibuyu chake cha mbege.

Tofauti ni hii. Tambiko mara nyingi ni kutuliza, mzee amekasirika, mvua imekatika, mtoto anaumwa, tumpe chake. Mtakatifu hakasiriki na hadai. Mzimu ni wa ukoo wako tu, mtakatifu ni wa mtu yeyote, Mchaga anamwita Lwanga Mganda. Na mzimu haulizwi aliishije.

Lakini Kanisa halikutupa kila kitu. Misa ya Kongo iliyoidhinishwa na Roma 1988 inawataja watakatifu kisha mababu wenye moyo mnyofu. Walokole wengi hapo hawawezi kukubali kabisa, na kwa mtu ambaye familia yake imeteswa na waganga namuelewa. Anayevaa rozari kama hirizi kweli amerudi kule, jina tu limebadilika.

18. Nimetumiwa novena (sala ya siku tisa) WhatsApp, "tuma kwa watu 9 la sivyo utapata balaa". Nifanyeje?

Futa. Hakuna mtakatifu anayetisha watu. Hiyo Kanisa linaiita ushirikina, na ndo zinawapa wanaotupinga sababu.

19. Msibani tunasali litania na kuna Walokole na Walutheri. Wafanye nini?

Wakae kimya kwa heshima, inatosha, wasilazimishwe kuitikia. Baba yangu alipofariki tulisali litania sebuleni usiku, wifi yangu ambaye ameokoka alisimama mlangoni ameshika chupa ya chai muda wote, hakuitikia hata "utuombee" moja. Tulipomaliza akaingia, akamimina chai, halafu akamuombea mama yangu kwa sauti kwa namna yake na sisi tukasema amina. Sijaona litania iliyokatika kwa sababu yake.

20. Naweza kumwambia marehemu mama yangu aniombee?

Kwa Mkatoliki, ndiyo, sala ya moyoni haikatazwi. Ila muombee na yeye, hasa Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, hatujui safari yake imefika wapi. Mlutheri atakuambia mshukuru Mungu kwa ajili yake na uishie hapo. Usiende kwa mtu anayesema atakuletea sauti yake, awe mganga au nabii, hilo makanisa yote tunakataa (swali la 6).

21. Nimehama Ukatoliki. Rozari ya marehemu bibi niifanyeje?

Mchungaji mmoja alimwambia rafiki yangu aitupe chooni. Tafadhali usifanye hivyo. Huyo bibi alikushikia kidole ukajifunza kusema "Baba yetu". Mpe binamu au jirani anayesali nayo. Kama imekatika na haifai, ichome au ifukie ardhini, ndivyo tunavyofanya na vitu vilivyobarikiwa. Na kama huna wa kumpa, peleka parokiani uiache kwa katekista, hahitaji maelezo.